Maswali ya Wasomaji: Anayeanza kuwinda anunue bunduki ya kifurushi cha masafa marefu?

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wasomaji wanaoishi Marekani, hasa majimbo ya milimani, na karibu zote zinauliza jambo moja. Wanachokizungumzia ni kifurushi cha masafa marefu: bunduki, darubini iliyokwisha kufungwa na kusawazishwa, nobu ya darubini iliyochongwa namba za yadi badala ya kliki (hatua ndogondogo za kurekebisha darubini), risasi za aina moja maalumu, na mara nyingine kipima umbali cha leza. Kampuni kama Gunwerks na Best of the West, zote za mji wa Cody, Wyoming, zimejenga jina lao kwa biashara hii.

SWALI: Nimehamia Colorado na nimemaliza kozi ya usalama ya wawindaji. Sijawahi kumiliki bunduki. Muuzaji ananiambia nikinunua kifurushi nitaweza kumpiga elki (kulungu mkubwa wa Amerika Kaskazini) yadi 600 kuanzia siku ya kwanza: napima umbali, nazungusha nobu hadi namba ile, nafyatua. Bei yake ni zaidi ya dola 8,000. Ninazo, lakini nasita. Nifanyeje? (Msomaji, Aurora)

JIBU: Ndugu, usinunue mwaka huu. Bei ni sababu mojawapo tu, na si iliyo kubwa.

Alichokueleza muuzaji ni kweli kwa upande mmoja. Kifurushi kizuri kinatatua tatizo la risasi kushuka. Chukua risasi ya aina ya 6.5 Creedmoor yenye kichwa cha greni 143 (gramu 9 hivi), itokayo mtutuni kwa kasi ya futi 2,700 kwa sekunde. Ukisawazisha bunduki ipige katikati kwa yadi 200, basi kwa yadi 300 risasi hiyo itakuwa imeshuka takriban sentimita 20, kwa yadi 400 karibu sentimita 57, kwa yadi 500 zaidi ya mita 1.1, na kwa yadi 600 karibu mita 1.9. Mshuko huu hutokana na mvutano wa ardhi na ukinzani wa hewa. Unahesabika, na ukishahesabiwa unaweza kuchongwa kwenye nobu. Hapo kampuni zinafanya kazi yao vizuri.

Upepo hauchongwi kwenye nobu. Kwa risasi hiyohiyo, upepo wa maili 10 kwa saa unaovuma kutoka ubavuni huisukuma kando sentimita 35 hadi 40 kwa yadi 500. Sasa tuseme umekadiria maili 6 kumbe ni 10. Hilo ni kosa dogo ambalo hata mzoefu hulifanya, maana upepo wa pale ulipo wewe, upepo wa bondeni katikati na upepo wa pale alipo mnyama mara nyingi havilingani. Kosa hilo peke yake ni sentimita 15. Eneo la moyo na mapafu la kulungu lina upana wa sentimita 20 hadi 25, kwa hiyo kutoka katikati hadi ukingoni una sentimita 10 au 12 tu. Umelenga sawasawa, umefyatua sawasawa, na bado umempiga tumboni. Elki ana nafasi kubwa kidogo, lakini elki aliyepigwa tumboni huvuka mabonde mawili kabla hajalala.

Kuna pia muda. Risasi hiyo huchukua zaidi kidogo ya nusu sekunde kufika yadi 500. Mnyama anayekula anaweza kupiga hatua moja kabla risasi haijafika, na hakuna kifaa kitakachokuonya kwamba anataka kupiga hatua.

Jambo la tatu ni mwili wako mwenyewe. Ile bunduki iliyopiga matundu matatu yaliyogusana kwa yadi 100 kiwandani iliegemezwa kwenye meza ya saruji na mifuko ya mchanga, nyuma yake akiwa fundi asiyehema. Wewe utakuwa umepanda mlima wenye hewa nyepesi, moyo unadunda, umekaa juu ya mawe, na nyasi zimezuia usilale kifudifudi. Uwezo wa kutuliza bunduki katika hali hiyo hujengwa kwa risasi nyingi ndogondogo, na hizo haziuzwi ndani ya sanduku.

Pesa zako tungezigawa hivi. Bunduki ya bolti (inayokokwa kwa mkono kila risasi) ya kiwandani yenye sifa njema, dola 700 hadi 900. Darubini imara ya ukuzaji wa 3 hadi 9, au 3 hadi 15, dola 500 hadi 600. Msingi na pete za kufungia darubini, dola 100. Kipima umbali, dola 300. Risasi 300 za aina moja, kama dola 2 kila moja. Halafu bunduki ndogo ya .22 ya bolti na risasi zake 2,000. Jumla haifiki dola 3,000. Katika vyote hivi, hiyo .22 ndiyo itakayokufundisha zaidi. Kichwa chake chepesi huyumbishwa na upepo wa maili 10 takriban sentimita 10 kwa yadi 100 tu, kwa hiyo kila kosa lako la kusoma upepo utaliona kwenye karatasi kwa gharama ya senti chache.

Mwaka wa kwanza, sawazisha bunduki kubwa kwa yadi 200. Kwa yadi 100 itapiga sentimita 5 juu, kwa yadi 250 itashuka takriban sentimita 8 au 9. Maana yake ni kwamba mpaka yadi 250 unalenga katikati ya mapafu bila kugusa nobu yoyote. Elki wengi sana huangushwa ndani ya umbali huo na watu waliojifunza kusogea polepole dhidi ya upepo. Kusogea ni ujuzi, na anayeanza na yadi 600 huwa hapati nafasi ya kuupata.

SWALI: Nikisema sitapiga zaidi ya yadi 300, nitajuaje kama hata hizo 300 naziweza? (Huyohuyo)

JIBU: Chukua sahani ya karatasi ya kulia chakula, yenye kipenyo cha sentimita 20 hivi. Ibandike kwenye ubao. Usitumie meza. Kaa chini na kuegemea mkoba, au piga magoti ukitumia fimbo za kuegemeza, kama utakavyokuwa porini. Piga risasi moja tu, mtutu ukiwa baridi, kisha fungasha urudi nyumbani au uendelee na .22. Rudia siku nyingine, kwenye hali nyingine ya hewa. Umbali wako ni ule ambao risasi ya kwanza ya baridi imeingia sahani mara 10 kati ya 10. Ikiingia mara 8, rudi nyuma yadi 50 uanze tena. Mnyama hupigwa na risasi ya kwanza, wala si wastani wa kundi zima la risasi ulizopiga mtutu ukiwa umeshapata moto.

SWALI: Vipi vile vifurushi vya bei nafuu vya dukani, bunduki na darubini pamoja kwa dola 450 au 600? (Msomaji, Boise, Idaho)

JIBU: Hivyo ni kitu kingine kabisa na havistahili kudharauliwa. Bunduki za aina ya Savage Axis na Ruger American huuzwa hivyo, na mitutu yake hupiga vizuri kuliko bei inavyoonyesha. Kinachopunguzwa gharama ni darubini na namna ilivyofungwa. Mara nyingi skrubu huwa zimekazwa kwa haraka, na baada ya risasi 20 darubini inaanza kusogea. Mnunuzi hudhani ni mkono wake, au huanza kuilaumu risasi.

Ukifika nayo nyumbani, hakikisha haina risasi, kisha ifungue darubini yote. Safisha skrubu mafuta, kaza za msingi kwa takriban inchi-pauni 20 na za pete kwa 15 hadi 18 ukitumia bisibisi ya kupima mkazo, isipokuwa kitabu cha mtengenezaji kikisema vingine. Usikaze kwa nguvu za kiganja tu. Pete ikizidishwa mkazo hubana bomba la darubini na nobu ya ndani hugoma kusogea. Baadaye, ukipata pesa, badilisha darubini na ubaki na bunduki. Na kwa kuwa uko Idaho, kumbuka kwamba jimbo lako haliruhusu kuwinda wanyama wakubwa kwa bunduki inayozidi pauni 16 pamoja na vilivyofungwa juu yake. Baadhi ya bunduki za masafa marefu zenye mtutu mnene na miguu ya kuegemeza hukaribia kiwango hicho, basi ipime kabla ya msimu.

SWALI: Mimi ni mwanamke mwenye umbo dogo. Dukani wananishauri bunduki ya .300 Winchester Magnum kwa sababu "inafika mbali", na wananiambia breki ya mtutu, kifaa cha kwenye ncha ya mtutu, itaondoa teke la bunduki begani. Ni kweli? (Msomaji, Denver)

JIBU: Dada, breki hupunguza teke kweli, lakini hurudisha mlipuko ubavuni na nyuma, na sauti inayokufikia sikioni inaongezeka. Mlio wa bunduki ya kuwindia bila breki huwa tayari umepita desibeli 150, na kuanzia 140 pigo moja tu laweza kudhuru usikivu daima. Uwanjani utavaa vizibo na vifuniko juu yake. Porini, mnyama anapotokea ghafla, wengi husahau. Tumeona pia kwamba wanaolipukiwa hivyo hushtuka kabla ya mlio sawasawa na wanaopigwa teke. Mwili unaogopa kelele kama unavyoogopa bega kuuma.

Bunduki ya .300 Winchester Magnum ya uzito wa kawaida ina nguvu ya teke karibu mara mbili ya 6.5 Creedmoor. Kushtuka hakuonekani na mpigaji mwenyewe. Mwombe mwenzako akupakilie bunduki bila wewe kuona, mara risasi halisi, mara risasi bandia ya mazoezi. Ukifyatua kwenye bandia na mtutu ukainama, umejiona. Dawa yake ni kurudi kwenye .22 kwa wiki kadhaa, kwani kuvumilia hakuondoi kushtuka.

Kwa kulungu na elki wa Colorado, sheria inataka kaliba (kipenyo cha risasi kwa inchi) isiwe chini ya .24, kichwa cha risasi kisipungue greni 85 kwa kulungu na greni 100 kwa elki, na nishati isiwe chini ya futi-pauni 1,000 kwa yadi 100. Risasi za 6.5 Creedmoor, 7mm-08 na .308 zote zinapita hapo kwa wingi. Chagua mojawapo, kisha upime urefu wa kitako: kunja kiwiko nyuzi 90, weka kitako ndani ya kiwiko, na kidole cha shahada kifike kwenye triga bila kujinyoosha. Kitako kirefu humfanya mwenye umbo dogo ajipinde nyuma, na teke hapo huuma maradufu. Hakuna kifurushi cha bei kubwa kitakachokufaa kama kitako chake hakikufai.

SWALI: Mmenichelewesha, nimeshanunua! Bunduki imefika, nobu ina yadi mpaka 1,000. Naanzia wapi? (Msomaji, Billings, Montana)

JIBU: Anza kwa kutoiamini mpaka ikuthibitishie. Hatuna maana kwamba kiwanda kimekudanganya. Nobu ya yadi imechongwa kwa risasi fulani, kasi fulani, mwinuko fulani juu ya bahari na halijoto fulani. Tafuta karatasi iliyokuja nayo. Inapaswa kuviandika vyote vinne. Isipoviandika, wapigie.

Kisha pima kasi ya risasi kwenye mtutu wako kwa kronografu, risasi 10. Ikitofautiana na karatasi kwa futi 100 kwa sekunde, risasi yako kwa yadi 500 itapiga kama sentimita 11 juu au chini ya ulipolenga, na utakuwa unalaumu upepo. Mwinuko nao: nobu iliyochongwa kwa futi 5,000 ukiishusha pwani ya Texas, kwa yadi 300 hutaona tofauti ya maana, lakini kwa yadi 1,000 hupita nusu mita. Na siku risasi zile maalumu zikikosekana dukani ukaweka nyingine, namba zote za nobu zinakuwa batili. Hili ndilo kosa tunalolisikia mara nyingi kuliko mengine. Kwa hiyo nunua risasi za msimu mzima kwa mkupuo, ikiwezekana za toleo moja, na uziweke pakavu.

Baada ya hapo fanya jaribio la ubao mrefu. Kwa yadi 100, tundika karatasi yenye urefu wa mita moja na mstari wima uliopigwa kwa pimamaji. Piga risasi tatu chini. Zungusha nobu dakika 20 za pembe juu, ukiendelea kulenga palepale chini. Dakika moja ya pembe kwa yadi 100 ni sentimita 2.66, kwa hiyo matundu mapya yawe sentimita 53 juu ya yale ya kwanza. Yakiwa sentimita 50, nobu yako inadanganya kwa asilimia 6 hivi na kosa hilo litakua kadiri unavyokwenda mbali. Yakipanda lakini yameacha mstari na kuelekea kulia au kushoto, darubini imefungwa ikiwa imelala upande. Rudisha nobu chini upige tena: matundu yaangukie mahali pa kwanza. Kama nobu imeandikwa yadi tu na haina dakika, uliza kampuni namba ipi inalingana na dakika 20.

Piga pia kundi la risasi 10, si tatu. Ahadi ya kundi la "nusu dakika" ya pembe hutolewa mara nyingi kwa risasi tatu, na kundi la tatu hubahatisha kuwa dogo. Kundi la 10 ndilo ukubwa halisi wa bunduki yako, nawe ukiwa nyuma yake. Usishangae likiwa mara mbili ya ulivyoahidiwa.

Mwisho, jenga mazoea ya kurudisha nobu kwenye sifuri (alama uliyosawazishia bunduki) kila unapoacha kuitumia, na kuitazama kabla ya kulenga. Nobu hugeuka ndani ya ala ya bunduki au ikikwaruza matawi. Kama ina kizuizi cha sifuri, kihakikishe kimefungwa. Bila hicho mtu huweza kuwa mzunguko mzima juu na namba ikasomeka sawa. Kwenye miteremko tumia umbali wa mlalo ambao kipima umbali chako kinakupa: yadi 400 kwenye pembe ya nyuzi 30 risasi huziona kama 346.

Tunakuomba pia uangalie kikomo cha kichwa cha risasi. Vichwa vingi vya kuwindia huhitaji kasi ya takriban futi 1,800 kwa sekunde ili vifunguke mwilini. Chini ya hapo hupenya kama sindano na mnyama hukimbia na jeraha jembamba lisilotoa damu ya kufuatwa. Nobu yako inafika 1,000; kichwa cha risasi yako huenda kinakoma kufanya kazi yadi 350 kabla ya hapo. Chama cha Boone and Crockett, kilichoanzishwa na Theodore Roosevelt na wenzake mwaka 1887, kimetoa tamko la wazi la kutounga mkono upigaji wa masafa marefu mno dhidi ya wanyama, na sisi tunakubaliana nacho. Zile yadi 1,000 zipigie shabaha za chuma.

SWALI: Nina kadi ya ukaazi wa kudumu, mpwa wangu yuko hapa kwa viza ya mwanafunzi. Naweza kumnunulia bunduki? (Msomaji, Columbus, Ohio)

JIBU: Wewe kwa kadi yako unaweza kununua dukani kwa kujaza fomu ya shirikisho namba 4473, ukionyesha kitambulisho chenye anwani yako ya sasa na namba yako ya uhamiaji. Mpwa wako, kwa kuwa yuko kwa viza ya muda, kwa kawaida sheria ya shirikisho inamkataza kumiliki hata risasi, isipokuwa awe na mojawapo ya ruhusa zilizotajwa, ambayo inayojulikana zaidi ni leseni halali ya kuwinda iliyotolewa na jimbo. Usinunue kwa pesa zake ukajiandika wewe kuwa mnunuzi halisi. Hilo ni kosa la jinai, na kwa mtu asiye raia linaweza kuharibu ukaazi wenyewe. Amalize kwanza kozi na leseni, kisha mwone wakili wa uhamiaji kabla hajagusa kitu.

SWALI: Sisi ni Waislamu. Nikimpiga kulungu mbali na kumkuta amekufa, nyama ni halali? (Msomaji, Minneapolis)

JIBU: Maulamaa wengi wa sasa huhesabu risasi inayotoboa kuwa kama mshale: ukitaja jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kufyatua na mnyama akafa kwa jeraha hilo, ni halali; ukimkuta yu hai, unamchinja. Katika hadithi ya sahaba Adiy bin Hatim, mnyama aliyepotea machoni kisha akakutwa hana alama nyingine ila ya mshale wako analiwa, na aliyekutwa amezama majini haliwi. Kwa undani zaidi muulize sheikh wako.

Kwa upande wetu tunaongeza la kiufundi. Ukipiga kutoka yadi 500 ng'ambo ya bonde, unaweza kuchukua nusu saa kufika, na ukifika kila mti unafanana na mwingine. Kabla hujanyanyuka, piga picha ya mahali aliposimama kupitia darubini ukiweza, chagua alama mbili zisizohama, jiwe au mti uliovunjika, na acha mkoba wako mahali ulipofyatulia ili uweze kugeuka na kupima mstari. Kwa yadi 150 unafika ukiwa na kisu mkononi wakati mnyama bado anapumua.

SWALI: Nafanya kazi na wageni wa uwindaji huku Tanzania. Wanazidi kuja na bunduki hizi nzito. Tuwashauri nini kabla hawajasafiri? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Kaka, kwenye miombo wapigaji wengi husimama na kuegemea fimbo tatu, umbali wa mita 50 hadi 150, na nafasi hudumu sekunde chache. Bunduki ya pauni 12 yenye mtutu mrefu ni mzigo kwenye matembezi ya saa sita, na darubini ambayo ukuzaji wake mdogo kabisa ni 5 haimwoni swala aliye karibu kwenye kichaka, inaona majani. Waambie walete darubini inayoshuka mpaka 2 au 3, wafunge nobu zisizunguke, na wafanye mazoezi wakiwa wamesimama. Kwa nyati na tembo kiwango cha chini ni kaliba ya .375, kwa hiyo ile 6.5 au 7mm ya masafa marefu haina kazi hapo hata iwe ya bei gani. Na siku ya kwanza kambini, kabla ya chochote, kila mgeni apige risasi tatu kwenye karatasi mbele yako. Darubini iliyovuka bahari kwenye shehena ya ndege isichukuliwe kuwa bado iko kwenye sifuri.